Nani alikula nini? Meno ya kale yanavyofunza ikolojia upya

MWANAFUNZI yeyote aliyesoma biolojia katika shule ya upili nchini anaukumbuka mchoro huu. Chini kuna nyasi. Kutoka kwenye nyasi unachomoza mshale unaoelekea kwa punda milia, na kutoka kwa punda milia mshale mwingine unaishia kwa simba. Kando kuna mti, ambao mshale wake unamfikia twiga. Mwalimu huuchora ubaoni, wanafunzi huunakili daftarini na siku ya mtihani huurudisha kama walivyoupokea.

Mchoro huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba hauna tarehe. Humfanya mwanafunzi aamini kwamba punda milia amekuwa akila nyasi na ndovu akivunja matawi tangu jadi, na kwamba itakuwa vivyo hivyo daima dawamu.

Mpangilio wa masomo nao umechangia dhana hiyo. Katika mtaala wa 8-4-4, ikolojia hufunzwa katika kidato cha tatu, ilhali mageuko ya viumbe husubiri hadi kidato cha nne. Mada hizo mbili hutenganishwa kwa mwaka mzima, kana kwamba mazingira hayana historia na historia ya viumbe haina mazingira.

La kushangaza ni kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi chache duniani zenye ushahidi mwingi wa kuziunganisha mada hizo. Ushahidi wenyewe umo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi na katika nyanda kame zinazolizunguka Ziwa Turkana. Ni meno ya wanyama waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na yana habari kamili kuhusu mimea waliyokula.

Kaboni nyepesi na nzito

Ili kuelewa jinsi jino linavyoweza kueleza mlo wa mnyama aliyekufa zamani hivyo, sharti tuanze na mmea.

Mimea yote huvuta gesi ya kabonidayoksaidi kutoka hewani na kuitumia kujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Kaboni iliyo ndani ya gesi hiyo si ya aina moja. Katika kila atomi 100, takriban 99 ni za kaboni nyepesi yenye uzani wa 12, na moja hivi ni ya kaboni nzito kidogo yenye uzani wa 13. Aina hizi mbili hazipungui wala kuoza kadiri miaka inavyopita, tofauti na kaboni ya uzani wa 14 inayotumiwa kukadiria umri wa vitu vya kale.

Hata hivyo, mimea haizitumii kaboni hizo kwa kipimo kimoja. Miti, vichaka na mimea mingi yenye majani mapana hutumia njia ambayo hatua yake ya kwanza huunda kiungo chenye kaboni tatu. Mimea ya kundi hili huibagua sana kaboni nzito. Kundi la pili, ambalo kiungo chake cha kwanza kina kaboni nne, huibagua kwa kiasi kidogo tu. Humo ndimo zilimo nyasi nyingi za nyanda zenye joto, pamoja na mafunjo na ndago.

Njia hiyo ya pili ilieleweka katika miaka ya 1960 kupitia uchunguzi wa miwa. Ni kama mmea umejitengenezea pampu ya kusukuma gesi ya kabonidayoksaidi ndani ya jani. Pampu hiyo hugharimu nguvu, lakini hulipa panapokuwa na joto kali, jua la utosi na uhaba wa maji. Ndiyo maana hapa Kenya nyasi za nyanda za chini ni za kaboni nne, ilhali ukipanda milima yetu mirefu, kupita takriban mita 3,000, unakuta nyasi za kaboni tatu zikitawala.

Msomaji hahitaji kwenda mlimani kuziona tofauti hizi. Mahindi, mtama, wimbi na miwa ni mimea ya kaboni nne. Maharagwe, sukuma wiki, mchele, ngano na maembe ni ya kaboni tatu. Mtu anayekula ugali kila siku ana kaboni nzito zaidi katika nywele zake kuliko anayekula wali na chapati. Mwili huhifadhi alama ya chakula ulichojengwa nacho.

Kwa mnyama, alama hiyo huhifadhika vyema zaidi katika gamba gumu la nje la jino. Gamba hilo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini na huweza kukaa ardhini kwa mamilioni ya miaka bila kuipoteza kaboni yake ya asili. Mtafiti hukwangua unga kidogo sana, wa miligramu chache tu, kisha huupima kwa mtambo unaotenganisha kaboni nyepesi na nzito. Jibu humwambia kama mwenye jino alikuwa mla nyasi, mla majani ya miti au mla vyote.

Kutoka msitu hadi mbuga

Ushahidi mwingine hutoka kwenye mimea yenyewe. Katika kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, ambako Mary Leakey alipata fuvu mashuhuri la nyani mkubwa wa kale mnamo 1948, kuna visukuku vya matunda, mbegu na majani vya miaka milioni 18 hivi. Visukuku ni mabaki au alama za viumbe zilizohifadhika katika mwamba. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulieleza kuhusu visiki vya miti vilivyopatikana hapo katika tabaka moja la ardhi na mifupa ya nyani hao. Ulionyesha kwamba mahali hapo palikuwa na msitu uliosongamana. Leo ni kisiwa cha mashamba, vichaka na wavuvi.

Kwa muda mrefu, wataalamu walidhani kwamba wakati huo Afrika Mashariki yote ilikuwa imefunikwa na msitu, na kwamba nyasi za kaboni nne hazikuwa na nafasi hadi takriban miaka milioni 10 iliyopita. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka wa 2023. Kundi la watafiti wa kimataifa, akiwemo Rahab Kinyanjui wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lilichapisha matokeo kutoka maeneo tisa ya Kenya na Uganda. Walionyesha kwamba nyasi hizo zilikuwa tele katika baadhi ya maeneo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, zikimea bega kwa bega na misitu.

Mojawapo ya vitu vilivyowawezesha kulijua hilo ni punje ndogo mno, zisizoonekana bila hadubini, zilizoundwa kwa madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Mimea huzitengeneza ndani ya majani yake. Mtu aliyewahi kukatwa kidole na jani la nyasi au la muwa anaujua ukali wake. Jani likioza, punje hizo hubaki udongoni, na umbo lake humwezesha mtaalamu kutambua zilitoka katika mmea wa aina gani.

Nyasi zilikuwepo, basi, lakini wanyama wengi wakubwa walichelewa kuzitegemea. Utafiti wa meno kutoka kaskazini mwa Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2011, uliweka mambo hayo katika mfuatano. Jamaa wa kale wa punda milia walikuwa wa kwanza, karibu miaka milioni 10 iliyopita. Baadhi ya vifaru walifuata. Wanyama wa ukoo wa ndovu wakajiunga nao kufikia miaka milioni saba hivi iliyopita. Jamaa wa twiga hawakubadilika; walibaki na miti yao hadi leo.

Hapa ndipo mwalimu wa ikolojia anapopata jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauwezi kulisema. Mabadiliko yaleyale ya mimea yaliwafikia wanyama wote, lakini kila ukoo uliyaitikia kwa wakati wake na kwa namna yake.

Ndovu mla nyasi

Wahenga walisema kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Waliosema hivyo walimaanisha nyasi zilizo chini ya nyayo. Kwa sehemu kubwa ya historia ya ndovu hapa petu, nyasi zingeumia pia kwa kuliwa.

Vipimo vya meno ya ndovu wa kale vilivyochapishwa mwaka wa 1999 na Thure Cerling, John Harris na Meave Leakey vilibaini kwamba kati ya miaka milioni tano na milioni moja iliyopita, jamii za ndovu Afrika Mashariki ziliishi hasa kwa nyasi. Ndovu wa leo, ambaye mlo wake mkuu ni majani, matawi na magamba ya miti, ameiacha desturi hiyo. Ukoo mmoja wa wala nyasi uliokuwa umeenea sana katika bonde la Turkana ulitoweka kabisa.

Kuna jambo la ziada. Nyasi husaga meno upesi kwa sababu ya zile punje ngumu na vumbi linalozishika. Mnyama anayezitegemea huhitaji meno marefu yasiyoisha mapema. Mwaka wa 2013, mtaalamu Adrian Lister alilinganisha mlo wa ndovu wa kale na urefu wa meno yao. Aligundua kwamba walianza kula nyasi kwa wingi takriban miaka milioni nane iliyopita, lakini meno yao yalianza kurefuka kwa dhahiri miaka milioni tatu baadaye.

Maana yake ni nini? Ni kwamba tabia ilitangulia, mwili ukafuata. Ndovu hao hawakusubiri wapate meno ya kufaa ndipo waonje nyasi. Walizila kwa meno yasiyofaa, vizazi na vizazi, hadi waliozaliwa na meno marefu kidogo wakafaidi zaidi na kuacha uzao mwingi zaidi. Wanafunzi wengi hutatizwa na mada ya mageuko kwa kudhani kwamba mnyama hubadilika kwa kupenda kwake. Mfano huu mmoja ungewaondolea tatizo hilo kuliko kurasa kumi za maelezo.

Taya lililowapoteza wataalamu

Kisa kinachofunza unyenyekevu zaidi kinahusu jamaa wa binadamu. Mwaka wa 1959, katika Bonde la Olduvai nchini Tanzania, Mary Leakey alifukua fuvu lenye taya pana ajabu na magego makubwa mno. Kiumbe huyo, ambaye leo wataalamu humwita Paranthropus boisei, alipewa lakabu ya mvunja kokwa. Ilionekana wazi kwamba taya la nguvu kiasi hicho lilikuwa la kupasulia kokwa na mbegu ngumu. Maelezo hayo yalidumu vitabuni kwa miongo mingi.

Mnamo 2011, watafiti wakiwemo Wakenya Emma Mbua na Fredrick Manthi walichapisha vipimo vya kaboni vya meno ya viumbe 22 wa aina hiyo kutoka Kenya, walioishi kati ya miaka milioni 1.9 na milioni 1.4 iliyopita. Kokwa hutoka kwenye miti, na miti ni ya kaboni tatu. Iwapo lakabu ile ilikuwa sahihi, meno yangekuwa na kaboni nyepesi.

Matokeo yalikuwa kinyume. Takriban asilimia 77 ya mlo wao ilitokana na mimea ya kaboni nne, yaani nyasi au mimea ya jamii ya mafunjo na ndago. Taya lile kubwa lilikuwa la kutafuna chakula kigumu cha nyuzinyuzi mchana kutwa, kama afanyavyo ng'ombe.

Wataalamu waliokosea hawakuwa wavivu wala wajinga. Walitazama umbo la taya wakakisia kazi yake, kama ambavyo sote hufanya. Walichokosa ni njia ya kulihakiki wazo lao. Mwanafunzi akikielewa kisa hiki, atakuwa amejifunza jambo kubwa kuliko jina la kiumbe chenyewe: umbo la mnyama huonyesha anachoweza kula, bali si lazima lionyeshe alichokula.

Yanatuhusu nini leo?

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya kale yanamfaa nini mfugaji wa Laikipia au mkulima wa Meru. Yanamfaa, na si kwa mbali.

Njia ileile ya kupima kaboni hutumiwa kwa nywele za mkia wa ndovu walio hai. Unywele hukua kidogo kidogo, hivyo kila sehemu yake huhifadhi kumbukumbu ya siku fulani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, wanasayansi walilinganisha nywele za ndovu wa Samburu na rekodi za vifaa vya setilaiti vilivyofungwa shingoni mwao. Ndovu wengi walikula nyasi msimu wa mvua na kurudia miti wakati wa kiangazi. Ndovu dume mmoja alikwenda kinyume. Wakati wa kiangazi alielekea msitu wa Imenti, chini ya Mlima Kenya, na huko kaboni nzito ikaongezeka katika nywele zake. Msituni hamna nyasi nyingi za aina hiyo, lakini kwenye mashamba yanayoupakana kuna mahindi. Unywele ulikuwa umefichua safari za usiku za mvamizi wa mashamba.

Suala la nani anakula nyasi za nani huzua uhasama mkubwa zaidi kati ya wafugaji na wanyamapori. Mfugaji humwona punda milia kuwa mwizi wa malisho. Je, ni kweli?

Katika eneo la Mpala, Laikipia, watafiti walizungushia vipande vya ardhi nyua mnamo 1995. Vingine huingiwa na ng'ombe pekee, vingine na wanyamapori pekee, vingine na wote, na vingine haviingiwi na mnyama yeyote mkubwa. Mwaka wa 2011, mtafiti Mkenya Wilfred Odadi na wenzake walichapisha jibu lililowaridhisha na kuwaudhi wa pande zote mbili. Wakati wa kiangazi mfugaji ana haki: ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori huongeza uzani kidogo kuliko wanaolisha peke yao. Msimu wa mvua mambo hugeuka. Punda milia na wenzake hula mabua makavu yaliyokomaa, na kuwaachia ng'ombe machipukizi laini. Ng'ombe hao hunenepa zaidi kuliko wale waliotengwa.

Mshale mmoja kati ya nyasi na ng'ombe hauwezi kuyaeleza hayo. Jibu hutegemea msimu, jinsi lilivyotegemea zama katika meno ya Turkana.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba mahusiano yaliyojengeka kwa muda mrefu huweza kuvunjika kwa miaka michache. Katika nyanda za udongo mweusi za Laikipia humea mgunga mfupi wenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo unapovuma. Ndani ya vinundu hivyo huishi chungu wanaoulinda mti kwa kumshambulia ndovu anayethubutu kuuvunja. Mti nao huwapa makao na utomvu mtamu.

Katika miongo ya karibuni, chungu wageni wenye vichwa vikubwa wameingia na kuwaangamiza walinzi hao. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa mwaka wa 2024, ulibaini kwamba katika maeneo yaliyovamiwa ndovu huvunja miti kwa kasi ya mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, simba hukosa vichaka vya kujificha anapomvizia punda milia. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka wa 2003. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Pengo hilo limezibwa na nyati, ambaye mwanzoni hakuwamo kabisa katika hesabu hiyo na sasa naye amefikia asilimia 42. Mdudu asiyezidi punje ya mchele amebadilisha mlo wa simba.

Somo lisilohitaji maabara

Walimu wengi watasema, na si bila sababu, kwamba shule zao hazina hadubini, sembuse mtambo wa kupima kaboni. Hata hivyo, swali la msingi la utafiti huu ni rahisi: nani anakula nini, lini? Swali hilo huweza kujibiwa kwa kalamu, daftari na uvumilivu.

Karibu kila shule ya mashambani ina ng'ombe na mbuzi wanaolisha jirani. Mwalimu anaweza kuwagawa wanafunzi wawili wawili na kuwaambia wamfuate mnyama mmoja kwa dakika 10, wakihesabu ni mara ngapi amekula nyasi na mara ngapi amekula majani ya vichaka. Zoezi hilo lifanywe msimu wa mvua na lirudiwe kiangazi. Wanafunzi watajionea kwamba mlo hubadilika, na kwamba mbuzi na ng'ombe hawabadiliki sawa. Watakuwa wamechora mchoro wao wenyewe, wenye tarehe.

Zoezi la pili ni la majani. Kila mwanafunzi achume majani 20 bila kuchagua kutoka mti mmoja uliopo uani, kisha ahesabu yaliyotobolewa, yaliyotafunwa kingo na yenye mistari ya viwavi waliojichimbia ndani. Mti wa kienyeji ulinganishwe na wa kigeni, kwa mfano mkalitusi. Watafiti wa majani ya kale hufanya hesabu hiyohiyo. Katika bonde la Mush nchini Ethiopia wamekagua majani ya zaidi ya miaka milioni 21 ambayo bado yana alama za meno ya wadudu. Mwanafunzi wa Kitui au Busia anayehesabu matundu kwenye jani anafanya kazi yao, tofauti ikiwa ni kwamba jani lake bado ni bichi.

Zoezi la tatu ni la jikoni. Wanafunzi waorodheshe vyakula walivyokula kwa wiki nzima na kuvigawa katika kaboni tatu na kaboni nne, kisha wakisie mtafiti wa miaka milioni moja ijayo atasema nini kuhusu meno yao. Hakuna atakayesahau somo hilo.

Mtaala wa umilisi, ambao unachukua mahali pa ule wa 8-4-4, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ikolojia ni somo linaloafiki msisitizo huo kuliko mengi mengine, mradi mwalimu asirudi kwenye mchoro wa kunakili. Aidha, safari za shule kwenda makavazi ya Nairobi au Kisumu, au maeneo ya kale kama Olorgesailie na Kariandusi, zingekuwa na faida zaidi iwapo wanafunzi wangepewa swali la kutafutia jibu badala ya kupitishwa mbele ya makabati ya vioo.

Jambo moja lisisitizwe kwao mapema. Kisukuku kikiokotwa na kutiwa mfukoni hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa sababu tabaka la ardhi kilimolala ndilo linaloeleza umri wake na majirani zake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 humtaka anayegundua kitu cha aina hiyo kutoa taarifa. Visukuku vingi vya Turkana vimeonwa kwanza na macho makali ya wakazi wa nyanda kame waliojua kutofautisha mfupa na jiwe.

Mizani inayoegemea upande mwingine

Kuna sababu ya mwisho ya kulitilia maanani somo hili, nayo inahusu siku zijazo. Tumeona kwamba nyasi zetu zina pampu ya kukusanya gesi ya kabonidayoksaidi, na kwamba pampu hiyo huzipa nafuu gesi inapokuwa adimu na joto likiwa kali. Leo gesi hiyo si adimu tena. Kwa sababu ya kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu, kiwango chake hewani kimepita sehemu 420 kwa kila milioni, ambacho ni kiwango ambacho binadamu wa aina yetu hajawahi kuishi nacho kabla ya zama hizi.

Gesi ikiongezeka, miti na vichaka hupata kwa urahisi kile ambacho nyasi hugharamika kukipata. Wanasayansi wanaamini kwamba hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya vichaka kuzifunika mbuga katika sehemu nyingi za Afrika, pamoja na malisho kupita kiasi na mabadiliko katika matumizi ya moto. Kwa mfugaji wa ng'ombe, kichaka kinachotanda ni njaa inayokaribia. Kwa mwenye mbuzi na ngamia, huenda kikawa neema.

Mizani ya nyasi na miti imewahi kuegemea huku na huko katika ardhi hii. Kila ilipohama, kuna waliobadili mlo wakasalimika, kuna waliong'ang'ania mlo wa kale wakasalimika pia kama twiga, na kuna waliotoweka. Tofauti ni kwamba zamani mabadiliko hayo yalichukua mamilioni ya miaka, nasi tunayaona katika maisha ya mtu mmoja.

Watakaoamua wafuge nini, wapande nini na wazungushie nini ua wamo madarasani hivi sasa. Itakuwa hasara iwapo wataondoka shuleni wakijua tu kwamba mshale hutoka kwa nyasi ukaenda kwa punda milia, bila kuambiwa kwamba mishale hiyo huhama, na kwamba ushahidi wa kuhama kwake umehifadhiwa katika makabati ya makavazi yao wenyewe.